Mama Kaunta Anajibu: Ya Hopsi Inunue Karibu, Nyeusi Iache Isafiri

Mwezi huu maswali mengi yaliyonifikia ni ya bia za krafti, zile za mapipa madogo, na stauti, yaani bia nyeusi, za ng'ambo, na karibu yote yametoka kwa watu wanaoanza au wanaotaka kuwaonjesha wenzao. Nimechagua matano. Kama hujafikisha miaka 18, ukurasa huu si wako. Sheria inasema hivyo na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

*Hujambo Mama Kaunta. Nina miaka 26, nakaa Donholm. Kazini tuna desturi ya kutoka pamoja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Juzi walinipeleka mahali wanapouza bia za krafti, wakaniagizia IPA, ikawa chungu kama mwarobaini. Niliimaliza kwa kuona aibu tu. Mimi nimezoea saida, kile kileo cha tufaha. Je, bia hizi ni za watu fulani, ama kuna ya kuanzia?*

Sijambo, mwanangu. Wenzako walikutakia mema, ila walikuanzishia mwisho. IPA (India Pale Ale) hutiwa makusudi hopsi nyingi, yale maua ya kuipa bia uchungu, ili iwe chungu na yenye harufu kali. Anayeipenda huipenda kwa sababu ile ile iliyokufanya ukunje uso. Hukukosea popote, na bia hizi si za watu fulani.

Nilipokuwa nikifanya kazi ya kaunta, sikuwa namuuliza mgeni wa bia anataka gani, maana hajui. Nilimuuliza asubuhi hunywa nini. Anayekunywa kahawa nyeusi bila sukari haogopi uchungu. Huyo naweza kumpa stauti siku hiyo hiyo ya kwanza. Anayekunywa chai ya maziwa iliyokolea sukari namtafutia kitu laini chenye utamu wa nafaka. Na anayependa maji ya ndimu au saida, kama wewe, ulimi wake tayari unapenda uchachu na harufu ya matunda. Njia yake ni bia ya ngano.

Tafuta Erdinger. Inatoka Erding, jimbo la Bavaria huko Ujerumani, na ina asilimia 5.3 ya kileo. Imimine polepole, glasi ukiwa umeiinamisha, ubakize kidogo chini ya chupa. Izungushe hiyo chupa mkononi, kisha umalizie kumimina: yale mashapo ni hamira, na ladha nyingi imo humo. Kabla ya kunywa, inue glasi puani. Utasikia ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu; hamira yenyewe ndiyo hutoa harufu hiyo inapokula sukari ya nafaka. Nimewaona watu walioapa kwamba bia si yao wakinyamaza hapo, kisha wakanusa tena.

Ijumaa mkirudi, muulize mhudumu kama wana bia ya ngano, au ile ya rangi ya dhahabu isiyo na hopsi nyingi, na uombe kuonja kabla ya kuagiza. Wanaopika bia zao hapa Nairobi wengi hawakatai, na mara nyingi wana ubao wa glasi ndogo ndogo za kuonjea. Brew Bistro ya Ngong Road na Sirville ya pale Galleria zilituzoesha bia ya mapipa madogo, kisha wakaja wengine: 254, Bateleur, Bila Shaka. Sitakuchagulia kati yao, maana orodha zao hubadilika na ulimi ni wako. Ukishaizoea ya ngano, panda kwenye pale ale, ambayo hopsi zake ni za wastani. IPA irudie baadaye, glasi ndogo, ukiwa na chakula chenye mafuta na pilipili.

Hapo kwenye IPA nataka ukae nami kidogo, maana ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, na hulimwa nchi za baridi: Hallertau Ujerumani, Žatec katika Jamhuri ya Czech, bonde la Yakima jimbo la Washington huko Marekani. Harufu yake ya chungwa, embe au majani mabichi ndiyo kitu cha kwanza kufifia bia ikikaa. Sasa fikiria IPA iliyotiwa mkebeni Marekani, ikapanda meli hadi Mombasa, ikangoja bandarini, ikapandishwa lori mpaka Nairobi, ikakaa ghala, ikakaa rafu. Harufu imekwenda, uchungu umebaki, na juu yake kuna ladha ya kadibodi iliyolowa maji. Mnunuzi amelipa mara kadhaa ya bei ya Tusker, anakunja uso, anasema krafti haifai. Bia hiyo haikuwa na kosa ilipotoka kwao.

Kwa hiyo shauri langu kwa mtu wa Nairobi ni hili: bia ya hopsi inunue iliyopikwa karibu, iliyotoka pipani majuzi, na uihifadhi kwenye friji. Ukilazimika kununua ya ng'ambo, pindua mkebe usome tarehe iliyochapwa chini. Ikiwa na zaidi ya miezi mitano tangu ipakiwe, irudishe rafuni. Na chupa za kijani au zisizo na rangi zilizopangwa dirishani zikipigwa na jua usizishike kabisa, kwa sababu mwanga hugeuza kemikali za hopsi na bia hutoa harufu ya kuchefua. Chupa ya kahawia hukinga vizuri zaidi, na mkebe ndio mlinzi bora. Kuna duka moja nililokuwa nikipita kila siku ambalo lilipanga chupa zake bora kwenye kioo kinachoelekea magharibi, na nilikuwa nasikitika kila jioni nikiona jua linavyozila.

*Mama Kaunta, mimi na mjomba wangu hatuelewani. Yeye hunywa Guinness moto, anasema ya friji ni kuiharibu. Mimi hunywa baridi kabisa. Pia rafiki yangu anasema Guinness ya hapa si ya ng'ambo hata kidogo. Tuamulie. — Mpwa, Ruiru*

Mpwa, mjomba wako yuko karibu na ukweli kuliko wewe.

Baridi kali huufanya ulimi ufe ganzi. Laga nyepesi kama Tusker haina hasara hapo, kwa sababu kazi yake ni kukuburudisha. Stauti ina mambo mengi ndani yake, kahawa, chokoleti chungu, mkate ulioungua kidogo, na yote hayo hujificha ikiwa karibu kuganda. Chupa iliyokaa kabatini Nairobi mwezi wa Julai haina joto la kutisha, hivyo mjomba anapata ladha nyingi kuliko wewe. Kasoro ni pale Februari, chumba kikiwa na joto. Hapo kileo hupanda puani na utamu huwa mzito. Muwe na suluhu: mtoe chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Nyuzi 10 hivi za Selsiasi zinatosha.

Ila hilo ni la Guinness Foreign Extra Stout, ile ya chupa. Ukipata mkebe wa Guinness Draught, ule unaolia ndani ukiutikisa baada ya kuumaliza, huo lazima uwe baridi. Ndani yake kuna kifaa kidogo cha plastiki chenye gesi ya nitrojeni. Ukifungua, shinikizo hushuka ghafla, nitrojeni hutoka kwa nguvu na kuleta lile povu zito la viputo vidogo sana. Guinness walianza kuuza mikebe yenye kifaa hicho mwaka 1988. Ukiufungua ukiwa na joto, nusu ya bia itaishia mezani.

Kuhusu asili yake: Arthur Guinness alianza kupika St. James's Gate, Dublin, mwaka 1759, lakini Foreign Extra tunayokunywa Kenya hupikwa humu humu nchini. Chimbuko la mapishi yake ni bia iliyoandikwa katika daftari za kampuni hiyo mwaka 1801, iliyokusudiwa kusafirishwa hadi visiwa vya Karibi. Iliongezwa hopsi na kileo ili istahimili miezi ya baharini na joto. Ndiyo maana hata leo ni nzito. Ya Kenya ina asilimia 6.5, na Guinness Draught ya mkebe ina 4.2, sawasawa na Tusker.

Hilo la mwisho naomba mlisome tena, wewe na mjomba. Weusi wa bia hauna uhusiano na ukali wake. Weusi unatoka kwenye sehemu ndogo ya shayiri iliyokaangwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Na si weusi hasa: inua glasi ya Guinness mbele ya balbu uangalie ukingoni, utaona wekundu uliokolea. Kwa hiyo ukitaka kujua bia itakufanyia nini, soma asilimia na ujazo. Tusker ya nusu lita ina mililita 21 za kileo safi. Foreign Extra ya nusu lita ina 32 na nusu. Anayehesabu chupa bila kusoma asilimia anajidanganya.

*Habari Mama Kaunta. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamesema damu yake imepungua. Mama yangu anasisitiza anywe Guinness moja kila jioni iongeze damu. Je, ni kweli?*

Si kweli, kaka, na tafadhali asinywe hata moja. Mjamzito hatakiwi kunywa kileo cha aina yoyote, kwa sababu humfikia mtoto tumboni.

Najua imani hiyo ilikotoka. Kampuni yenyewe, ilipoanza kutangaza kwa nguvu Uingereza mwaka 1929, ilisema bia yake ina faida mwilini, na maneno hayo yalizunguka dunia nzima mpaka jikoni kwa mama zetu. Lakini glasi kubwa ya stauti ina madini ya chuma chini ya miligramu 1, na mjamzito huhitaji takriban 27 kwa siku. Anywe vidonge vya chuma alivyopewa kliniki, ale dengu, maharagwe, nyama, terere na managu, na amalizie na chungwa ili chuma kifyonzwe vizuri. Mama yako mheshimu, mwambie kwa upole, hata kama itabidi uende naye kliniki amsikie muuguzi mwenyewe.

*Rafiki yangu wa karibu hanywi pombe. Nimempatia bia za krafti tamu tamu anakataa. Nimshawishi vipi? — Umoja*

Usimshawishi. Mnunulie maji ya tangawizi au tonic yenye ndimu, na usimuulize sababu.

*Mama Kaunta, salamu kutoka South B. Sisi ni marafiki sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Dada yangu amerudi kutoka Marekani na chupa kadhaa za stauti, na mwingine ameahidi kununua nyingine madukani hapa. Tunataka kukaa nyumbani Jumamosi tuonje. Watatu kati yetu hawajawahi kunywa chochote zaidi ya laga. Tupange vipi ili wasichukie? Tumepata Left Hand Milk Stout, Young's Double Chocolate, Samuel Smith's Oatmeal Stout, Old Rasputin na Castle Milk Stout. Tuongeze nini?*

Mmenifurahisha sana, nyote sita. Na dada yako alijua anachobeba. Stauti ni bia inayovumilia safari: uhai wake hautegemei harufu ya hopsi, unategemea nafaka iliyokaangwa, na hiyo haififii upesi. Zile nzito zaidi hata huiva zikikaa. Katika karne ya 18, stauti kali za London zilipelekwa kwa meli hadi Urusi, kwenye jumba la Malkia Catherine, na bado zikafika zikiwa nzuri.

Kwanza, punguzeni. Chupa moja igawanywe glasi sita, takriban mililita 55 kila mtu. Hiyo inatosha kunusa, kunywa mara tatu na kuamua. Anayeanza hachukizwi na stauti, huchukizwa na kuachiwa chupa nzima ya kitu asichokijua huku watu wakimtazama.

Anzeni na bia ambayo wale watatu wanaijua, Tusker ama White Cap, ili ulimi uwe na pa kulinganishia. Mkitaka jirani aingie, wekeni Nile Special ya Jinja, asilimia 5.6, yenye kimea kingi zaidi na utamu wake. Nilikuwa nawapa wateja wa Tusker hiyo kama hatua ya kati na wengi walishangaa kwamba laga na laga hutofautiana hivyo. Kisha ingieni kwenye nyeusi.

Ya kwanza iwe Samuel Smith's, asilimia 5, kutoka Tadcaster, Yorkshire. Ina shayiri pamoja na oti, na oti huifanya iteleze mdomoni. Haina utamu mwingi wala uchungu mwingi. Mtu anayeogopa nyeusi akiinywa hiyo, hofu yake nyingi huisha.

Ya pili, Left Hand. Inatoka Longmont, Colorado, asilimia 6. Maziwa yanayotajwa kwenye jina ni laktosi, sukari ya maziwa. Hamira ya bia haiwezi kula laktosi, kwa hiyo utamu wake hubaki kwenye bia mpaka mwisho, na ule uchungu wa nafaka iliyokaangwa hupata kitu cha kuutuliza. Wale wenu wanaokunywa chai ya maziwa wataipenda. Lakini ulizeni kabla ya kumimina: kama kuna mtu ambaye tumbo lake halikubali maziwa, aipite hiyo. Wekeni Castle Milk Stout kando yake, mimineni zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ya Afrika Kusini pia ni asilimia 6, lakini ni kavu zaidi, na kuzilinganisha ndipo wageni huanza kuona kwamba wana maoni yao wenyewe. Nyamazeni muwaache waseme wao kwanza. Mjuaji akitangulia kusema anasikia kahawa, wote watasema kahawa.

Young's ni asilimia 5.2 na imetiwa chokoleti kweli. Iacheni ije na kitu kitamu, keki au ndizi mbivu za kukaanga.

Katikati, kuleni, na msichague chakula cha kimya. Choma ya mbuzi yenye chumvi na kachumbari ni nzuri, lakini kama jirani yenu wa South B anauza mutura safi, nunueni mutura. Ile ngozi iliyoguswa na moto wa makaa na ule mchanganyiko wa damu, pilipili hoho na dania ndani yake, ukimeza na stauti iliyo kavu, vyote viwili vinakuwa vikubwa zaidi. Samaki wa nazi msimwekee stauti. Mpeni bia ya ngano.

Old Rasputin iwe ya mwisho kabisa. Inatoka Fort Bragg, California, na ina asilimia 9. Chupa yake ndogo ya mililita 355 ina kileo karibu sawa na Guinness Foreign Extra ya nusu lita, kwa hiyo msidanganywe na udogo wake. Itoeni kwenye friji mapema, dakika 45 hivi kabla, na mimineni kidogo kidogo. Kila mtu aishike glasi kwa viganja viwili aipashe joto, anuse, aionje, aiweke chini, arudi baada ya dakika kumi. Mwanzoni mtasikia kuungua na kileo. Ikipata joto hutoka matunda makavu, tende na zabibu, na chokoleti chungu. Mgeni asipoipenda msimsukume. Hiyo ni bia hata baadhi ya wazoefu huiona nzito.

Mmeuliza cha kuongeza. Ongezeni stauti au porter moja (nyeusi ya ukoo mmoja na stauti) iliyopikwa Nairobi, yoyote mtakayoipata kwenye bomba wiki hiyo. Wengine hukujazia chupa uende nayo. Inyweni siku hiyo hiyo kwa sababu haijapashwa moto kuua vijidudu kama bia za viwanda vikubwa. Iwekeni baada ya Left Hand bila kusema ni ya wapi. Nimefanya hivyo na wateja na nikaona Wakenya wakiichagua ya kwao kabla ya kuambiwa, na sijui kama kuna kitu kilichonipa furaha zaidi katika kazi hii.

Maji yawe mengi mezani, glasi ya maji kwa kila bia. Funguo za gari zikusanywe mlangoni mapema, kabla ya chupa ya kwanza, na wanaokwenda mbali waite teksi; alkoblo (kile kipima pombe cha polisi) au hakuna alkoblo, msiendeshe.

Zikibaki stauti kidogo kidogo chupani, zichanganye zote uzitie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe Jumapili, pamoja na vitunguu, karoti na nyanya, uache ichemke kwa moto mdogo saa mbili hadi tatu. Usitie ile ya chokoleti.